Mafunzo ya wafanya usafi wa hospitali: mkufunzi wa ndani, kampuni, chuo au simu?

Mganga mfawidhi akishakubali kwamba wafanya usafi wafundishwe, ubishi unaofuata huwa wa njia. Katibu wa afya anasema kampuni yenye mkataba iwafundishe watu wake, maana inalipwa. Matroni anataka mkufunzi awe muuguzi wa mle mle. Mwingine kasikia kuna chuo kinatoa cheti cha usafi, na kijana wa takwimu anauliza kwa nini watu wasisome tu kwenye simu, tena bure. Wote wana hoja. Ila njia hizi nne hazifundishi kitu kimoja, hata kama kwenye bajeti zote zinaandikwa "mafunzo".

Nianze na kipimo cha kuzipimia. WHO na UNICEF wanapohesabu vituo vya afya vilivyofikia kiwango cha msingi cha usafi wa mazingira wanaangalia mambo mawili: kuwe na taratibu za usafi zilizoandikwa, na watumishi wote wenye jukumu la kusafisha wawe wamefundishwa. Wote. Kituo chenye wafanya usafi ishirini, kumi na tisa wamesoma na mmoja kaanza kazi juzi, bado hakijafika. Kwa hiyo ubora wa somo peke yake hautoshi kuchagulia. Uliza pia njia ipi inaweza kumfikia yule wa juzi.

Na huyo wa juzi ndiye anayekunja shuka zenye damu na kumwaga ndoo ya matapishi. Rwanda ilipopata mlipuko wa homa ya virusi ya Marburg mwishoni mwa 2024, kati ya wagonjwa 66 waliothibitishwa, walio wengi walikuwa watumishi wa afya; 15 walifariki. Siku zisizo na mlipuko, hatari ya kila zamu ni sindano iliyosahaulika ndani ya shuka au kwenye mfuko wa taka. Kati ya watu 100 wasiochanjwa waliochomwa na sindano yenye homa ya ini B, hadi 30 wanaweza kuambukizwa. Ya VVU ni kama 3 katika 1,000. Mfanya usafi asiyejua kwamba dawa za kujikinga na VVU baada ya kuchomwa zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 atanawa, atajifunga kitambaa na kuendelea kudeki.

Mkufunzi wa ndani

Hospitali inateua watu wake wawili watatu, wanafundishwa ukufunzi, kisha wao wanawafundisha wafanya usafi wodini kwa makundi madogo, ndani ya saa za kazi. Vitabu vya kufundishia vipo na havina bei. Kifurushi cha TEACH CLEAN kilianzia kwa Soapbox Collaborative ya Uingereza, kikajaribiwa Gambia, baadaye kikafanyiwa utafiti katika hospitali tatu za Tanzania. Mwaka 2022 WHO ikatoa mwongozo wake wa wakufunzi kwa nchi za kipato cha chini na cha kati, vitabu viwili, uliojengwa juu ya kazi hiyo. Kabla yake, mwaka 2019, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, na mtandao wa Afrika wa udhibiti wa maambukizi, ICAN, walitoa mwongozo wa usafi kwa vituo vyenye uwezo mdogo. Huo si wa kufundishia darasani; ni wa kufungua pale unapotaka kujua leba inasafishwa mara ngapi na chumba cha mgonjwa aliyeruhusiwa kinaanziwa wapi.

Nguvu ya njia hii ni kwamba haimdai mtu kusoma na kuandika. Kuna zoezi moja ninalolipenda kuliko saa nzima ya maelezo. Mkufunzi anakoroga masizi ya jikoni na sabuni ya maji, anawapaka washiriki juu ya glavu, kisha anawaambia wavue. Glavu ya kwanza inashikwa kwa nje karibu na kifundo, inavuliwa ikijigeuza ndani nje, inafumbatwa kwenye kiganja chenye glavu bado; halafu kidole kitupu kinapita chini ya ukosi wa ile ya pili na kuivuta juu ya mwenzake. Hakuna anayeambiwa amekosea. Kila mtu anaangalia mkono wake, na mwenye weusi kifundoni anacheka mwenyewe na kuomba arudie. Wanaotumia zile glavu nzito za usafi wanafundishwa jingine: zinaoshwa zikiwa bado mkononi, ndipo zinavuliwa.

Kwa kuwa darasa liko wodini, mfano ni kitanda hiki hiki. Anayefundishwa anaona kwamba kazi inaanzia pasafi kwenda pachafu na juu kwenda chini, choo mwisho. Anaona ni wapi mikono ya watu inagusa kutwa nzima: reli za kitanda, kitasa, swichi, stendi ya dripu, kimeza cha mgonjwa. Akiuliza "na godoro lililochanika je?", swali ni la godoro lililopo mbele yake, na sista inchaji yuko pale kulijibu.

Udhaifu wake unajulikana na kila aliyefanya kazi serikalini. Kwanza ni posho. Neno "mafunzo" limezoea kuambatana na bahasha, na darasa la wodini lisilo na bahasha huanza kwa minong'ono. Chai na kitafunwa vinasaidia; kinachosaidia zaidi ni kutowaita watu siku yao ya mapumziko. Pili ni uhamisho. Mkufunzi mmoja akihamishwa, mpango mzima unapanda naye gari, ndiyo maana wawe angalau wawili. Tatu ni ulimi. Muuguzi aliyezoea kumwagiza mfanya usafi hawezi kuwa mwalimu wake kwa kubadilisha tu beji. Mwenye kufaa mara nyingi ni msimamizi wa usafi mwenyewe, aliyeshika dekio miaka, akisaidiwa na mratibu wa udhibiti wa maambukizi.

Kampuni yenye mkataba

Hospitali nyingi kubwa, za umma na binafsi, zimekabidhi usafi kwa mzabuni. Kwa uongozi ni nafuu: mishahara na sare ni juu yake, ndoo pia. Kisheria mzabuni kama mwajiri ana wajibu wa kuwapa watu wake mafunzo ya usalama. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, Kenya ya 2007.

Tatizo liko kwenye kile kampuni inachokiona kuwa usafi. Kampuni hiyo hiyo ina mkataba wa benki na wa jengo la maofisi, na mteja wa huko analipia macho na pua: sakafu ing'ae, korido inukie. Mfanyakazi akihamishiwa wodini anakuja na ufundi huo. Sakafu yake inameta kama kioo, na reli ya kitanda haijaguswa tangu mgonjwa wa juzi. Hafanyi uvivu. Kwake reli ni ya muuguzi. Muuguzi naye anadhani ni ya kampuni. Hakuna aliyewahi kuwakalisha pamoja wakagawana vitu vya kusafisha kimoja kimoja, na hilo kampuni haiwezi kulifanya peke yake.

Halafu watu hawakai. Mshahara ni mdogo, akipata kibarua kingine anaondoka. Angalia chanjo ya homa ya ini B: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Hospitali inayotegemea kampuni ambayo watu wake wanabadilika kila baada ya miezi michache itakuwa daima na waliochanjwa nusu, na waliofundishwa nusu. Ukiuliza utaletewa picha ya semina, watu wameshika vyeti. Uliza wangapi kwenye picha bado wako kazini.

Bado kuna kampuni zinazofanya vizuri, hasa zenye kitengo cha hospitali peke yake na msimamizi asiyehamishwa hamishwa. Kama yako ni ya aina hiyo, ishike. Ila mafunzo ya wodini yabaki mikononi mwa hospitali, kampuni ichangie muda wa watu wake.

Chuo

Kozi nyingi za usafi zinazopatikana vyuoni zina mizizi hotelini. Hazina ubaya: mtu anatoka akijua kupanga vifaa, kutunza mashine, kuandika ratiba, kusimama mbele ya mteja. Msimamizi mtarajiwa ukimpeleka huko, hela haijapotea.

Kwa wa wodini, baadhi ya mazoea ya hoteli inabidi yaondolewe kwanza. Hotelini unakung'uta shuka. Wodini hukung'uti kamwe, unaikunja kwa ndani taratibu na kuitia kwenye mfuko wa nguo chafu pale pale kitandani. Hotelini ufagio mkavu ni wa kawaida. Wodini vumbi linaloruka linatua kwenye vidonda, kwa hiyo unadeki kwa unyevu. Hotelini kitambaa kimoja kinaweza kumaliza chumba kizima. Wodini kila kitanda na kitambaa chake, na cha chooni hakitoki chooni, ndiyo maana nchi kama Uingereza wanavigawa kwa rangi, nyekundu ikiwa ya vyoo na bafu. Kumpeleka kila mfanya usafi chuoni pia ni ndoto kwa hospitali ya kawaida: nani atadeki akiwa darasani?

Kozi halisi za usafi wa hospitali zenye cheti zipo nje. Marekani, AHE, chama cha watu wa usafi wa hospitali, kina cheti cha mafundi wa usafi wa hospitali kinachoitwa CHEST, na jambo la kuangalia ni muundo wake: anayeenda kwenye warsha ni mkufunzi, kisha anarudi kuwafundisha wenzake kazini kwake. Hata wenye pesa wamerudi kwenye njia ya kwanza.

Simu

Masomo ya mtandaoni ya WHO, yaliyoanza 2017 kwenye jukwaa la OpenWHO, hayalipiwi. Kwa mratibu au msimamizi anayesoma vizuri ni hazina, na kwa mganga wa zahanati ya mbali ndiyo njia ya haraka kuliko zote. Kwa mwenye dekio yana vizingiti: bando, kioo kidogo, na masomo mengi kuwa ya Kiingereza. Cheti kinatoka baada ya kubofya majibu, na hakuna aliyeona mkono wake ukivua glavu. Mimi naiona simu kama mkumbushaji tu. Video fupi ya Kiswahili iliyorekodiwa wodini kwenu, ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanya usafi, inafanya kazi kuliko kozi ndefu.

Muuzaji wa dawa za usafi naye atakuja na onyesho lake la bure. Mkaribishe akufundishe kuchanganya dawa yake, basi. Hayo ni mauzo.

Somo moja, mdomo wa kila mmoja

Chukua maji ya klorini ya asilimia 0.5, yale ya kushughulikia damu iliyomwagika, uone kila njia inavyolifikisha somo hilo.

Kwa kampuni utasikia "vifuniko viwili kwenye ndoo". Ndoo ipi, ya lita ngapi, hakuna anayeuliza. Chuoni ataandikiwa kanuni ubaoni: nguvu ya dawa uliyonayo gawa kwa unayotaka, toa moja, unapata sehemu za maji. Kanuni ni sahihi na ni nzuri, ila mwenye kuifahamu ni aliyekuwa anaelewa hesabu tangu mwanzo.

Mtandaoni ataona mfano wa dawa ya asilimia 5: sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji. Nao ni sahihi, kwa dawa ya asilimia 5. Jik ya madukani kwetu kwa kawaida ni ya asilimia 3.5, na mtu akifuata ile tisa anapata 0.35, maji yanayonuka dawa bila kufikia nguvu inayotakiwa. Kwa Jik ya 3.5 ni moja kwa sita.

Mkufunzi wa ndani anafanya hivi: anachukua chupa ile ile inayotoka stoo, anawaonyesha kidole kilipo kwenye asilimia, anapima robo lita kwenye jagi lenye alama, anaongeza lita moja na nusu ya maji. Kila mmoja anarudia. Alama inachorwa kwenye ndoo kwa rangi isiyofutika, na tarehe inaandikwa, kwa sababu maji hayo huchanganywa upya kila siku, na dawa iliyokaa juani inakufa. Anasisitiza damu ifutwe na mahali paoshwe kwa sabuni kwanza, maana klorini ikikutana na uchafu inamalizikia kwenye uchafu. Anaonya pia kuhusu kuchanganya Jik na dawa ya choo yenye asidi: hewa inayotoka ni sumu, na chooni ndiko dawa hizo mbili hukutana, dirisha likiwa dogo.

Stoo ikibadilisha dawa, ikaleta ya unga ya asilimia 65 au 70, somo la ndani linabadilishwa asubuhi hiyo hiyo. Njia nyingine tatu haziwezi hilo.

Utajuaje kama imefanya kazi

Mtihani wa kabla na baada ya semina hupima kumbukumbu. Ukitaka kujua mkono umebadilika, kuna jeli isiyoonekana inayowekwa kama nukta kwenye reli, kitasa au swichi jioni, bila kutangaza. Ikifutwa sawasawa inatoka. Isipofutwa, kesho yake kurunzi ya mwanga wa urujuanimno inaifichua. Njia hiyo ilitumika hata kwenye utafiti wa hospitali zile tatu nilizozitaja. Kurunzi yenyewe ni aina ile ile ya kukagulia noti bandia.

Masharti ni mawili. Nukta zihamishwe hamishwe, la sivyo watu watajifunza kufuta nukta. Na matokeo yasigeuzwe barua ya onyo. Siku ya kwanza mtu akikatwa mshahara kwa sababu ya nukta, hutaona ukweli tena. Utaona vitanda vitatu vilivyosuguliwa karibu na mlango anakopita mkaguzi.

Kwa hiyo uchague ipi

Zahanati yenye wafanya usafi wawili haihitaji mpango mkubwa. Muuguzi asome mwongozo wa WHO au kozi ya simu, awakalishe wawili hao nusu siku, abandike karatasi ya michoro juu ya sinki la kusafishia vifaa, abaki akiwaangalia.

Hospitali ya wilaya yenye wahudumu wake yenyewe, bila kusita: mkufunzi wa ndani. Anza na leba na wodi ya watoto wachanga, ndiko uchafu unakodai bei kubwa. Kwa chumba cha upasuaji tenga watu wasiozungushwa, wapate saa zao za ziada na timu ya huko.

Penye mzabuni, ni mkufunzi wa ndani pamoja na vipengele vya mkataba, na hapa nisingekubali mkato. Mfanyakazi mpya asishike zamu ya wodini kabla ya kupita darasa la hospitali. Chanjo ya homa ya ini B iwe gharama ya mzabuni, na karatasi yake ionekane. Mgawanyo wa nani anasafisha nini uambatanishwe, kitu kwa kitu, reli za kitanda zikitajwa. Msimamizi wa kampuni ahudhurie kikao cha kamati ya udhibiti wa maambukizi. Mfanya usafi wa kampuni akichomwa sindano, ahudumiwe kama mtumishi yeyote wa hospitali, bila kuulizwa kwanza nani anamlipa.

Wakati wa mlipuko hesabu inabadilika. Ebola au Marburg vikiingia, wanaosafisha eneo la kutengwa wafundishwe na timu ya dharura, kwa mazoezi ya kuvaa na kuvua wakiwa wawili wawili, na hakuna kozi ya mtandao inayofidia hilo. Ila hospitali iliyokuwa na wakufunzi wake kabla ya mlipuko inaanza na watu wanaojua kwa nini, na hao wanahitaji kuongezewa tu.

Mfanya usafi anayetaka kujisomesha mwenyewe ana hesabu tofauti. Cheti cha chuo kinampandisha hadi usimamizi, na kwa anayewaza kazi za Ghuba kinaweza kumsaidia kwenye usaili, ingawa huko kampuni nyingi humfundisha mtu upya kwa taratibu za hospitali husika. Asilipe ada kubwa kwa cheti cha siku mbili kinachojiita "cha kimataifa" kabla ya kumuuliza mwajiri mmoja halisi kama anakitambua.

Kwa wenye mzabuni, angalia kalenda. Tanzania, Kenya na Uganda mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni, na nyaraka za zabuni zinaandikwa miezi kadhaa kabla. Vipengele vile vinatakiwa vifike mezani kwa ofisa ununuzi wakati huo, vikiwa vimeandikwa tayari na mratibu wa udhibiti wa maambukizi. Mkataba ukishasainiwa, utakuwa unaomba fadhila.